Karatasi Zisizo na Jina

"Huyu hana ugonjwa," alisema daktari wa zahanati, akiondoa kipimo chake kifuani mwa mtoto. "Ana vumbi. Mnamlaza wapi?"

Binti alimtazama mama yake. Mama yake akavitazama viatu vyake mwenyewe, kana kwamba vyenyewe ndivyo vilivyoulizwa.

"Chumba cha nyuma," Binti akasema.

"Kuna nini humo?"

"Karatasi."

"Za ofisi?"

"Hapana, daktari. Za... za watu."

Mlango ulikuwa wazi, na foleni ya nje ilikuwa na masikio. Mwanamke mmoja aliyepakata mapacha wake akacheka puani. "Wengine wanafuga kuku, wengine wanafuga karatasi!" Foleni nzima ikamuunga mkono. Daktari hakucheka. Alisema ama karatasi zitoke ama mtoto atoke, kifua cha mtoto mchanga si ghala, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Njiani Fundi hakusema neno. Fundi ndiye huyo mama. Mtaa mzima ulimwita hivyo, wateja walimwita hivyo, na mumewe naye alimwita hivyo siku ambazo hawajagombana. Alikuwa amevuka hamsini bila kelele, na cherehani yake ndiyo iliyomsomesha Binti na kumpokea aliporudi nyumbani kujifungua, mume wa Binti akiwa kazini mbali. Mwanamke hodari wa kazi na mwepesi wa ulimi. Kumwona amefunga mdomo barabara nzima kulimtia Binti hofu kuliko maneno ya daktari.

Karatasi zenyewe zilikuwa za baba yake Fundi. Mzee alikuwa fundi nguo wa zamani, wa wale wasiogusa kitambaa kabla ya kukata karatasi. Mteja akija alimpima, kisha akalikata umbo lake kwenye gazeti kuukuu au mfuko wa saruji uliofunguliwa: kifua, mgongo, mikono, kola. Hiyo ndiyo paterni. Nguo ikiisha, aliitoboa tundu pembeni akaitundika kwenye msumari, ili mteja akirudi baada ya miaka asipimwe upya, ila aulizwe tu, "Umenenepa au umekonda?" Sasa wateja wa miaka nenda miaka rudi walikuwa wamening'inia katika chumba cha nyuma, kutoka darini hadi sakafuni, wengi wao wakiwa wameshazikwa. Upepo ukiingia dirishani walitikisika wote pamoja, na vumbi lao likamwangukia mtoto.

&nbsp;

"Mimi nilisema zamani," alisema mume wa Fundi, fundi bomba, mtu aliyeamini kwamba hakuna kinachoshindikana duniani ukipata spana ya kutosha. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, akinawa grisi kwenye beseni. "Nyumba hii tumebanana, na humo ndani kuna wapangaji mia hawalipi kodi."

"Hao unaowacheka ndio walionilea."

"Sikatai. Nami nilipokuja kuposa walinitazama vibaya, nakumbuka. Lakini mjukuu wako anakohoa, Fundi."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Mlangoni, penye mwanga, Mzee alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Hilo hakulisahau. Hakusahau kushika mkasi, wala kufunga vishikizo vya shati lake hadi shingoni, wala kumwamkia mtu. Waliomtoka ni watu. Walimtoka mmoja mmoja kama uzi unaofumuka, na mwisho akamtoka hata mwanawe huyu wa pekee. Alimwita bibi fundi. Aliamini kuwa yeye ni mgeni kwenye duka la fundi mwenzake, na kila baada ya muda aliuliza kwa adabu, "Samahani, bibi fundi, mwenye duka anarudi lini?"

"Hivi punde, Mzee," Fundi alimjibu. Kusema "baba" alikuwa ameacha. Kila alipomwita hivyo, mzee wa watu aliona haya, mfano wa mtu anayedaiwa deni asilolikumbuka.

Na deni lilikuwapo, ingawa si la fedha. Mama yake Fundi alifariki wiki ile ile aliyomzaa. Picha yake ilikuwa moja tu, ikawekwa sandukuni, maji yakaingia sandukuni. Fundi alilelewa na shangazi, mwanamke mwenye huruma nyingi na ukweli kidogo. Leo shangazi alisema marehemu alikuwa mweupe, kesho mweusi tititi. Siku zote alikuwa mrefu, kwa sababu kwa shangazi maiti wote walikuwa warefu. Shangazi naye akaenda. Akabaki Mzee, ambaye miaka yote ukimuuliza habari za mkewe alitia pini mdomoni akajifanya hawezi kuongea, na Fundi akawa anajiambia atamuuliza vizuri siku moja. Siku hiyo ilipofika, Mzee alikuwa amekaa pale pale kitini lakini hayupo.

Jambo hilo lingelala, kama lilivyolala kwa miaka, kama si Binti kumpa mtoto jina la huyo mama yake Fundi. Kisha akanunua daftari jipya, akaliweka juu ya cherehani.

"Mama, wewe barua za watu unawaandikia vizuri. Mwandikie mjukuu wako huyo bibi aliyempa jina alikuwa mtu gani. Akikua asome."

Fundi alifurahi. Nani asingefurahi? Alichonga penseli, akasogeza kiti, akaandika, "Mama yangu alikuwa". Akasimama hapo. Akakata, akaanza upya, "Mama yangu alikuwa". Mwanamke aliyeshonea harusi na misiba ya mtaa mzima, na sentensi moja ilimkalia kooni wiki baada ya wiki. Aliona aibu ambayo hakuweza kumweleza mtu: kwamba amefika umri huu, ameishi zaidi ya mara mbili ya umri wa mama yake, na hana hata neno moja la kweli la kumwambia mtoto.

"Andika alikuwa mama yako, basi," mumewe alimshauri.

"Hilo hata paka analijua."

&nbsp;

Walianza kazi Jumamosi asubuhi, baada ya Binti kumhamishia mtoto dukani. Fundi alijifunga kitambaa puani, akapanda kwenye kiti, akaanza kuwashusha wateja wa baba yake ukutani.

Mzee hakuwaandika kwa majina ya kuzaliwa, maana majina hayo watu huchangia. Kila paterni ilikuwa na maneno yake kwa penseli nene ya seremala. Mwalimu Bega Moja. Bwana Haraka. Mke wa Posta, mkono mrefu. Karani Mwenye Haya. Binti alizisoma kwa sauti, akicheka hadi machozi.

"Mama, huyu 'Asiambiwe Kiuno' ni nani?"

"Alikuwa mke wa mwenye duka la viatu. Ukimtajia namba ya kiuno chake anahamia kwa fundi mwingine."

"Na 'Anabana Pumzi'?"

"Huyo ni mumewe. Ukimpima anavuta tumbo ndani. Nguo ikiisha haimwingii, anakuja kugomba."

Hapo ndipo Fundi alipopitisha hukumu, na aliipitisha kama fundi. Paterni zenye maandishi ni za wateja, na mteja ni amana. Zitafutwa vumbi, zitiwe kwenye masanduku mawili ya bati yanayofunga vizuri, zipandishwe juu ya kabati dukani. Zisizo na maandishi ziende. Nani angejua ni za nani? Baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha, tena kwa kumgonga vidole kwa rula: karatasi isiyo na jina haina mwenyewe.

"Mali bila daftari, hupotea bila habari," mumewe akaidhinisha, akikanyaga magunia ili yaingie mengi zaidi.

Mnunuzi wa karatasi chakavu alikuja na mkokoteni wake, akayapima magunia kwa mkono tu, akatoa pesa za kununulia sabuni. Sabuni hiyo hiyo iliosha sakafu. Jioni chumba kilinukia maji na ukuta, na mtoto alilala humo bila kukohoa hadi Binti akaamka mara mbili kumsikiliza kama anapumua. Nyumba nzima iliridhika. Hata Fundi, aliyekuwa na kidonda kidogo moyoni ambacho hakukijua jina, alisema alhamdulillahi.

&nbsp;

Asubuhi alimkuta Mzee amesimama katikati ya chumba kile, amevaa shati lake lililofungwa hadi shingoni, akipapasa misumari mitupu ukutani.

"Bibi fundi," alisema kwa sauti ya chini, "humu ameingia mtu."

"Hakuna mtu, Mzee. Tumesafisha. Mtoto alikuwa anakohoa."

"Vizuri. Usafi ni jambo zuri." Akapapasa msumari mwingine. "Na za nyumbani mmeziweka wapi?"

"Za nyumbani zipi?"

"Za nyumbani kwangu. Nataka kumkatia mke wangu gauni. Hana gauni la kutokea."

Fundi aliuegemea mlango. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo, mke wangu, hivi hivi tu, kama mtu anayetaja jirani.

"Umeziandika nini, Mzee? Niambie nikutafutie."

Mzee alicheka. Alicheka kweli, kicheko cha fundi anayemcheka mwanagenzi. "Bibi fundi nawe una mambo! Mtu anamwandika mke wake? Anawaandika watoto wake? Wanaoandikwa ni wateja, maana mteja unaweza kumsahau."

Halafu kicheko kikamkauka. Akautazama ukuta, akaitazama mikono yake, na uso wake ukakunjamana kama mtu aliyeitwa kutoka mbali asiione njia ya sauti.

Fundi hakungoja kuvaa viatu vya maana. Alitoka na kandambili na aproni yake yenye pini kifuani. Mlangoni alipishana na Binti.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kumfuata mama yangu," alisema, naye Binti akabaki na kikombe mkononi.

&nbsp;

Mahali penyewe pa kupokelea karatasi chakavu palikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, nyuma ya gereji. Fundi alidhani atakuta rundo. Alikuta vilima. Mitihani ya watoto waliofaulu na walioshindwa, risiti, kadi za harusi zenye marembo ya dhahabu, barua, kalenda za miaka iliyokwisha, magazeti yenye habari zilizowahi kuwakosesha watu usingizi. Kila kitu ambacho mtu aliwahi kukiandika kisha akakichoka kilikuwa pale, na katikati ya vilima mashine ilikuwa ikivikandamiza na kuvifunga kwa waya kuwa marobota, moja juu ya jingine, kimo cha nyumba. Fundi alisahau kwanza alichokuja kufanya. Alisimama mdomo wazi.

"Cheti au hati ya nyumba?" mlinzi alimuuliza.

"Nini?"

"Wanaokuja hapa wanalia ni wa vyeti au wa hati. Wewe umepoteza kipi?"

Fundi hakujua kama analia. Akajifuta kwa mkono. "Nguo," alisema. "Karatasi za kukatia nguo. Ziliuzwa jana kwa makosa."

Mlinzi alimpigia kelele msimamizi kuwa kuna mama amevaa kandambili anatafuta nguo za karatasi, na vijana wa mashine wakacheka wakaegemeana. Aliachwa juani. Watu walipita na mikokoteni wakimwambia apishe, akapisha huku, akaambiwa apishe kule. Hatimaye msimamizi akaja, bwana mnene kidogo, akitembea ubavuubavu.

"Za jana zimeshafungwa, mama. Ziko kwenye lile robota la chini. Lori linakuja kuchukua."

"Lifungue."

"Robota halifunguliwi! Limeshapimwa, limeshaandikwa. Nani atalifunga tena?"

"Nitalipa."

Akamtajia kiasi. Fundi alitia mkono mfukoni mwa aproni, akakuta sarafu zile zile zilizobaki kwenye sabuni. Akaurudisha mkono mtupu, na msimamizi akauona ukirudi. Akageuza uso, akaanza kuondoka kwa ule mwendo wake wa ubavu, mgongo ukiuangalia ukuta.

Na Fundi, hata katika hali ile, hakuweza kulizuia jicho la kazi.

"Ovaroli yako imeachia nyuma," alisema. "Umeifunga kwa waya wa marobota. Ndiyo maana unatembea hivyo."

Vijana wakalipuka kwa kicheko. Msimamizi alikunja uso, kwa hasira au kwa haya, haikujulikana.

"Mama, umekuja kunivunjia heshima kazini kwangu?"

"Nimekuja kuishona heshima yako. Hao wanaocheka nao, huyo magoti yako nje, yule kwapa limefunguka. Ovaroli za hapa zimeshonwa na mtu asiyejua kuwa mnachutama. Nileteeni zote. Nitatia kitambaa cha ndani, nitapiga mishono miwili, hamtaziona zikiachia tena. Nifungulieni robota."

"Zote?"

"Na yako nitaanza nayo."

Msimamizi alitazama vijana wake, akalitazama robota, akapitisha mkono nyuma pale penye waya. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na kwa muda mrefu hakuwa ameinama mbele ya watu. "Leteni koleo," alisema.

Waya ulipokatwa, robota lilishusha pumzi, likafumuka taratibu. Fundi akapiga magoti. Hakuzitafuta kwa macho tu, alizitafuta kwa vidole: ukakamavu wa mfuko wa saruji, na lile tundu la msumari pembeni ambalo baba yake alilitoboa mahali pale pale kila mara. Vijana walianza kumsaidia kwa utani, wakazidi kumsaidia bila utani.

"Mama, hii ni ya mwanasesere?" mmoja alimuuliza, akiinua mkono wa gauni uliolingana na kidole chake cha kati.

Fundi aliupokea, akautandika chini. Mwingine akaleta mkono mkubwa kidogo. Mwingine kola. Fundi akavipanga ardhini, kidogo kwanza, kikubwa baadaye, jinsi fundi yeyote angevipanga, bila kuwaza. Kisha akaviona. Shingo ile ile ya duara. Pindo lile lile pana, la kuachia mtoto akirefuka. Mkono unaokua, mwaka hadi mwaka, safu nzima ikipita kati ya vilima vya karatasi za watu. Kwenye kipande kimoja palikatwa mfuko pembeni, na mfuko huo aliukumbuka: aliulilia, alitaka kutia kokoto zake.

Alikuwa yeye. Alikuwa amelala pale mavumbini tangu uchanga wake hadi usichana, bila neno hata moja la penseli. Magunia yote aliyoyauza kwa sabuni, zote zile zisizo na mwenyewe, zilikuwa za nyumbani.

"Ni za nani, mama?" kijana wa mwanasesere aliuliza.

"Zetu," alisema.

Lori lilikuja likapiga honi getini. Msimamizi akaenda mwenyewe kumwambia dereva angoje, tena alikwenda moja kwa moja, bila kukumbuka kuuficha mgongo wake.

&nbsp;

Walizirudisha kwa mkokoteni wa fundi bomba, na safari hii yeye hakuwa na methali ya kutoa. Binti alizipangusa moja moja uani, mbali na mtoto. Mchana, jua lilipoingia dukani, Fundi aliiondoa cherehani mezani akatandika paterni moja ya mtu mzima, kifua, mgongo, mikono, kola. Ya mwanamke. Haikuwa na maandishi popote.

Mtu mwingine yeyote asingeona kitu pale. Vipande vya mfuko wa saruji vimekauka vimekunjamana. Lakini Fundi alikuwa amesoma miili ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipoviweka sawa mahali pake, mwanamke alilala mezani mbele yake.

"Alikuwa mfupi," alinong'ona. "Mwanangu, njoo uone. Alikuwa mfupi! Shangazi alitudanganya. Angenifika hapa, begani."

Binti alisogea. Fundi akapitisha kidole, akisoma. Bega la kushoto lilikatwa chini kidogo kuliko la kulia. Mtu huyu alibeba vitu kwa mkono mmoja. Mgongo ulikuwa mwembamba, kama wa msichana, naye hakuwa zaidi ya msichana. Kifuani Mzee alikata kwa ulegevu ambao hakuna mteja aliyewahi kuupata, ulegevu wa mtu anayejua mvaaji atainama, atacheka, atanyoosha mikono juu kuanika. Na mikono yenyewe! Fundi aliweka mkono wake juu ya ule wa karatasi. Tangu usichana aliionea haya mikono yake mirefu isiyolingana na kimo, kila nguo ilibidi airefushie. Karatasi ilimfika hasa kwenye kifundo cha mkono. Haikuzidi, haikupungua.

Alilivuta daftari. "Mama yangu alikuwa mfupi," aliandika, "na mikono yake ni hii ninayoandikia." Hakukata. Aliandika habari za bega, na za mgongo, na za ule ulegevu wa kifuani, haraka haraka, penseli ikikwaruza, ukurasa ukajaa naye akafunua mwingine. Binti alikuwa akisoma kwa juu ya bega lake, mkono mdomoni.

Kilibaki kipande cha mbele. Fundi alikuwa amekiacha cha mwisho kwa kuwa kilimshangaza. Kuanzia kiunoni kilikuwa kimeongezwa vipande vyembamba vya gazeti, kimoja baada ya kingine, vimebandikwa kwa uji wa unga. Kila kimoja kilikuwa cha gazeti tofauti, kila kimoja kipana kidogo kuliko kilichotangulia. Cha mwisho hakikubandikwa. Kilishikizwa kwa pini, na pini ilikuwa imeota kutu ikagandana na karatasi.

"Hivi ni vya nini?" Binti aliuliza.

Fundi alivihesabu kwa kidole, akarudia tena.

"Tumbo," alisema. "Babu yako alikuwa anaongeza karatasi kadiri tumbo lilivyokua, asikate paterni upya."

"Tumbo la nani?"

"Langu. Hapa ni mimi. Na hapa ni mimi. Mwanangu, hapa kote ni mimi."

Hawakumsikia Mzee akiingia. Alikuja mezani kwa hatua zake ndogo, akaweka viganja viwili juu ya karatasi, akaanza kuilainisha kutoka begani kwenda chini, polepole, akikwepa mahali palipochanika bila kupaangalia. Mikono ilipofika kwenye kile kipande cha mwisho ikasimama. Akaigusa ile pini.

"Hili gauni sikulishona," alisema.

"Kwa nini, Mzee?" Fundi aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto.

Mzee aliinua uso. Alimtazama kwa muda mrefu, kwanza mikono, kisha mabega, kisha macho, jinsi anavyotazamwa mtu anayepimwa.

"Hukungoja, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa nanoa mkasi."